Kupima bamvua kwa kipanya: gnuplot hatua kwa hatua

Mtu akipata faili lenye maelfu ya vipimo, mara nyingi hukimbilia wastani. Kila mwanafunzi anayeniletea data namwambia aichore kwanza: aivute karibu, aiulize swali moja, apate jibu, ndipo aulize la pili. Kwa kazi hiyo bado nafundisha gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa kuandika amri. Ilianza mwaka 1986, ni ya bure, haili kumbukumbu, na ukishaipakua haikudai bando tena. Hata kompyuta mpakato ya mtumba ya Kariakoo inaiendesha vizuri.

Tutatumia data ya maji ya bahari, kwa sababu hapa Dar jibu lake lina watu wa kulihakiki. Mvuvi wa Kunduchi au wa Feri anajua lini ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na lini ni maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) bila kufungua kitabu. Grafu yetu inapaswa kukubaliana naye.

Hatua ya 1: Sakinisha toleo lenye dirisha

Kwenye Ubuntu andika:

```
sudo apt install gnuplot-qt
```

Usichukue `gnuplot-nox`. Hiyo haina dirisha, na bila dirisha kipanya hakina kazi. Ukiianzisha kwa kuandika `gnuplot`, mstari wa mwisho wa maelezo utakuambia aina ya tamina (terminal, yaani njia ya kuonyesha picha) inayotumika. Ukiona `qt`, endelea. Ukiona `unknown`, umesakinisha isiyo na dirisha. Kwenye Windows, sakinisha kwa faili la kawaida la usakinishaji. Amri zote zilizo hapa chini ni zile zile.

Hatua ya 2: Pata data

Kituo cha data za usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii hutoa bure vipimo vya kila saa. Chukua faili la CSV la kituo cha Zanzibar, namba 151, uliite `zanzibar.csv`. Ni ng'ambo tu ya mkondo wetu. Lifungue kwanza ulitazame kwa macho. Safu nne za mwanzo ni mwaka, mwezi, siku na saa; ya tano ni kina kwa milimita. Mambo mawili yanahitaji uangalifu: saa ni za GMT, kwa hiyo zetu ziko mbele kwa saa 3, na pale kipimo kilipokosekana pameandikwa -32767. Usipoishughulikia namba hiyo, bahari yako itazama karibu mita 33 chini na mawimbi yote yatabanwa kuwa mstari mmoja juu ya grafu.

Hatua ya 3: Chora

Anzisha gnuplot ukiwa ndani ya folda yenye faili, kisha andika:

```
set datafile separator ","
t0 = strptime("%Y-%m-%d", "2015-03-01")
saa(a,b,c,d) = (strptime("%Y %m %d %H", \
   sprintf("%d %d %d %d",a,b,c,d)) + 3*3600 - t0)/3600.0
kina(z) = z < -30000 ? NaN : z/1000.0
set xrange [0:744]
plot "zanzibar.csv" using (saa($1,$2,$3,$4)):(kina($5)) with lines
```

`saa` na `kina` ni majina niliyoyatunga mimi, yabadilishe upendavyo; `kina` hugeuza milimita kuwa mita na kuiruka ile -32767. Mhimili wa chini sasa unahesabu saa tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Machi 2015, kwa majira ya Dar. Siku 31 ni saa 744. Ningeweza kuandika tarehe kwenye mhimili, ila tunakwenda kupima vipindi, na saa tupu hupimika kwa urahisi zaidi. Kama faili lako lina pengo mwezi huo, badilisha tarehe ya `t0` tu.

Sasa ongeza mistari ya siku:

```
set xtics 24
set grid
replot
```

Hapa wengi hukwama. Amri ya `set` hubadilisha mpangilio, haigusi picha. Picha hubadilika ukisema `replot`. Jizoeze kuandika `set` mbili tatu, kisha `replot`, utazame, uendelee.

Hatua ya 4: Shika kipanya

Bofya kwanza ndani ya dirisha la grafu, kwa sababu vitufe vifuatavyo havifanyi kazi ukiwa kwenye dirisha la amri. Bofya kitufe cha kulia kwenye kona moja ya eneo unalotaka, sogeza hadi kona ya pili, bofya tena: umevuta karibu. Herufi `p` inakurudisha kwenye mwonekano uliotangulia, `n` inakupeleka mbele, `u` inafuta ukuzaji wote, `g` inawasha na kuzima gridi. Ukibonyeza `h`, orodha nzima inaandikwa kwenye dirisha la amri.

Vuta karibu siku mbili za kwanza baada ya saa 480, yaani tarehe 21 na 22. Utaona vilele viwili kwa siku, na maji yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Muda huo wa bamvua wavuvi wetu wanaujua kwa moyo.

Hatua ya 5: Pima kwa rula

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Weka kishale juu ya kilele kimoja, bonyeza `r`. Rula imewekwa hapo. Kila unaposogeza kipanya, chini ya dirisha panaandikwa umbali kutoka kwenye rula.

Ukipima kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata utapata 12 au 13, kwa sababu data ni ya kila saa na haiwezi kuonyesha dakika. Usiridhike na jibu hilo. Weka rula kwenye kilele cha bamvua moja, hesabu mapengo 28 hadi bamvua inayofuata, kisha soma umbali. Utapata takriban saa 348. Gawa kwa 28: saa 12.43. Kipindi halisi cha wimbi kuu la mwezi ni saa 12.42, yaani saa 12 na dakika 25. Kosa la nusu saa limegawanywa mara 28 likaisha nguvu. Hiyo ndiyo sababu kilele cha leo alasiri kitachelewa kesho kwa dakika 50 hivi.

Ukitaka kuhifadhi pointi unazobofya badala ya kuzinakili kwenye daftari:

```
set print "vilele.txt"
do for [i=1:6] { pause mouse button1; print MOUSE_X, MOUSE_Y }
set print
```

Bofya mara sita kwenye grafu. Saa na kina vinaingia kwenye faili. `set print` ya mwisho ni ya lazima, vinginevyo kila utakachochapisha baadaye kitaangukia humo.

Hatua ya 6: Uliza kwa nini bamvua mbili hazilingani

Bonyeza `u` uone mwezi mzima. Kuna bamvua mbili, moja baada ya tarehe 5 mwezi ulipokuwa mpevu, nyingine baada ya tarehe 20, siku ambayo Jua lilipatwa. Ya pili ni kubwa waziwazi. Jaribu kuieleza kwa mawimbi mawili, la mwezi na la jua; amri ya `fit` itatafuta ukubwa na nafasi ya kila wimbi ili yalingane na data:

```
w(x,A,P,T) = A*cos(2*pi*x/T - P)
f(x) = m + w(x,a,p,12.42) + w(x,b,q,12.0)
m=2; a=1; b=0.5; p=0; q=0
fit [0:744] f(x) "zanzibar.csv" \
   using (saa($1,$2,$3,$4)):(kina($5)) via m,a,p,b,q
set samples 3000
replot f(x)
```

Usiiache `set samples`. Bila hiyo gnuplot huchora kazi (function) yoyote kwa pointi 100 tu, na mawimbi 60 kwa pointi 100 ni uongo mtupu. `a`, yaani ukubwa wa wimbi la mwezi, ikitoka hasi usishtuke, ni wimbi lile lile lililosogezwa nusu mzunguko.

Tazama matokeo. Mkunjo wetu unafanya bamvua zote mbili kuwa sawa, bahari inakataa. Tarehe 5 mwezi ulikuwa mbali kabisa na dunia, tarehe 19 ulikuwa karibu. Umbali huo una wimbi lake, la saa 12.66:

```
f(x) = m + w(x,a,p,12.42) + w(x,b,q,12.0) + w(x,c,r,12.66)
c=0.2; r=0
fit [0:744] f(x) "zanzibar.csv" \
   using (saa($1,$2,$3,$4)):(kina($5)) via m,a,p,b,q,c,r
replot
```

Sasa mkunjo unapanda na bamvua ya pili na kujishusha kwenye ya kwanza. Nakusihi uifanye hatua hii kwa mikono yako. Ukisoma tu kwamba kuna wimbi la tatu, utasahau. Ukiliona likiziba pengo ulilolitazama mwenyewe, hutasahau.

Hatua ya 7: Hifadhi

```
save "bamvua.gp"
set terminal push
set terminal pngcairo size 1200,600
set output "bamvua.png"
replot
unset output
set terminal pop
```

`save` huandika mipangilio, kazi ulizotunga, thamani zilizopatikana na amri ya mwisho ya kuchora. Kesho `load "bamvua.gp"` inakurudisha ulipoishia. Na usiruke `unset output`: hadi ufunge faili, picha inaweza kufunguka ikiwa tupu au nusu, hasa ukiharakisha kuituma WhatsApp.