Kuonyesha upenu wa paa kwenye ramani ya sakafu kwa Revit

Revit, programu ya kuchora majengo, hukata jengo milimita 1200 juu ya sakafu na kuchora kilicho chini ya hapo. Paa lililo mita 3 juu halitaonekana. Wengi hukimbilia View Range (mipaka ya kinachoonekana) na kupandisha Cut plane, yaani kimo cha mkato huo, hadi paa litokee. Matokeo yake, milango ya mita 2.1 na madirisha hutoweka ukutani, kwa sababu mkato sasa unapita juu ya vizingiti vyake vya juu. Iache 1200.

Kwanza hakiki upenu wenyewe. Ukichora paa kwa kuchagua kuta na kuweka tiki kwenye Extend to wall core, kipimo cha Overhang (upana wa upenu) kinaanzia kwenye tofali, si kwenye plasta. Ukuta wenye plasta ya milimita 15 utakupa 585 badala ya 600. Kwa kenchi si kitu. Kwa fundi anayekata siling bodi za nje, ni kitu.

Fungua ramani ya sakafu ya chini. Usichague chochote. Kwenye Properties, sehemu ya Underlay (inayoonyesha leveli nyingine kwa hafifu), weka leveli ya paa kwenye Range: Base Level, na Underlay Orientation iwe Look Down. Paa litatokea kwa rangi hafifu.

Bonyeza LW, njia ya mkato ya Linework, amri ya kubadilisha mtindo wa mistari. Kwenye Line Style chagua Overhead, kisha gusa ukingo wa paa upande mmoja baada ya mwingine. Hapa ndipo wengi hukosea: penye fasheni bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) kuna mistari miwili au mitatu iliyokaribiana, na programu hushika usioutaka. Bonyeza Tab hadi wa nje kabisa uwake ndipo uguse. Mistari ya kofia, kilele cha paa, iache.

Rudisha Base Level kuwa None. Paa linaondoka, mistari uliyogusa inabaki. Ikitoka mfululizo badala ya vipande vipande, rekebisha Overhead kwenye Line Styles, na uipe unene mdogo ili isishindane na kuta. Uliyoigusa kimakosa irudishe kwa LW na By Category. Kazi hii hukaa kwenye mwonekano huo mmoja tu. Ramani ya umeme utaifanyia upya.

Kuchora kwa Detail Line, mstari wa kawaida usiofungamana na paa, ni haraka, ila mteja akitaka upenu wa 900, paa litasogea na mistari itabaki 600. Na huenda akataka: Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na upenu wa 600 unatia kivuli takriban mita 1 tu ya ukuta wa upande huo.

Kabla ya kuchapa, pima kutoka mstari huo hadi mpaka wa kiwanja. Maji ya masika hudondokea hapo, si ukutani, na mtaro unachimbwa kwa kuufuata.