Kujenga jamii ya sukari ndani ya kompyuta

Jamii bandia ya kujifunzia haihitaji mawakala, yaani watu wa kubuni ndani ya programu, wenye akili nyingi. Kiwanja, chakula na kanuni moja ya mwendo vinatosha kuzaa matajiri na maskini. Anza na Sugarscape, mfano wa Joshua Epstein na Robert Axtell wa mwaka 1996. NetLogo, programu ya kuundia mifano ya aina hii, inao tayari, lakini ujenge kwa mkono wako kwanza.

Chora gridi ya miraba 50 kwa 50, kingo ziungane: anayetokea kulia aingilie kushoto. Weka vilima viwili vya sukari kwenye pembe zinazotazamana. Kileleni mraba hubeba sukari 4, ukiteremka 3, 2, 1, hadi 0. Kila mzunguko, mraba uliozolewa uote sukari 1 mpaka ujae tena.

Mwaga mawakala 250 popote. Kila mmoja mpe, kwa bahati nasibu, upeo wa kuona wa miraba 1 hadi 6, mlo wa sukari 1 hadi 4 kwa mzunguko, akiba ya 5 hadi 25, na umri wa kufa wa mizunguko 60 hadi 100. Anayekufa, kwa njaa au uzee, nafasi yake ichukuliwe na mpya.

Wakala hutazama pande nne, si kimshazari, na kuhamia mraba mtupu wenye sukari nyingi kuliko yote. Ikilingana, ulio karibu. Tuseme ana upeo 3, mlo 2, akiba 6. Kulia kwake kuna 1, 3, 3. Kwingine hamna kitu. Anakwenda mraba wa pili, anazoa 3, anakula 2, anabaki na 7.

Sasa penye mtego. Umbali nao ukilingana, programu nyingi huchukua upande wa kwanza kwenye orodha, na umati wote unaelekea kaskazini kana kwamba unahama. Chagua upande kwa bahati nasibu. Ili kuhakiki, jaza gridi nzima sukari 2, tembeza mzunguko mmoja bila kuhesabu mraba anaosimama wakala, kisha hesabu miondoko: kila upande upate takriban robo.

Foleni, yaani mpangilio wa nani anatangulia kusogea, ni hatari zaidi. Wakala yuleyule akitangulia kila mara, tofauti ya mali utakayopima imetoka kwenye foleni yako, wala si kwenye jamii. Changa foleni upya kila mzunguko, kama karata. Wote wakichagua kwa pamoja nako, wawili watakanyaga mraba mmoja na sukari itahesabiwa mara mbili.

Pima mgawanyo wa mali kwa kipimo cha Gini, ambapo 0 ni usawa kamili na 1 ni mmoja kumiliki vyote, na ukipime kabla ya mzunguko wa kwanza: akiba zilizotawanywa sawasawa kati ya 5 na 25 lazima zitoe karibu 0.23. Ukipata 0.4, usiendelee, kosa liko kwenye fomula au kwenye ugawaji. Kisha rudia jaribio angalau mara 30, kila mara kwa namba tofauti ya kuanzishia bahati nasibu, na uziandike namba hizo kando ya matokeo. Uzazi na biashara viongeze kimoja kimoja, baada ya hapo.