Somo: Kulala, kununua na kutembea Busan, Korea Kusini

Wakuu, wengi wetu tukienda Korea tunaishia Seoul. Nawasihi mtenge siku chache kwa Busan, mji wa pili kwa ukubwa, wenye bandari, fukwe na milima humo humo. Kanuni ya kwanza: chagua kituo cha treni ya chini ya ardhi, ndipo utafute chumba.

Hatua ya 1: Kufika. Kutoka Seoul panda KTX, treni ya mwendokasi. Safari ni kama saa mbili na nusu hadi tatu. Wa ndege hushuka uwanja wa Gimhae, huchukua treni nyepesi hadi kituo cha Sasang na kuunganisha laini ya 2 ya treni ya chini ya ardhi. Nunua kadi ya nauli ya T-money, uijaze kwa pesa taslimu. Kwenye basi iguse kwenye mashine unapopanda na unaposhuka, ili ukiunganisha chombo kingine mapema usilipishwe nauli nzima upya. Simuni weka programu ya ramani ya Naver Map.

Hatua ya 2: Kulala. Chagua mtaa wa Seomyeon. Laini ya 1 na ya 2 zinakutana hapo, na chakula kipo mpaka usiku wa manane. Haeundae ni ufukwe mzuri, lakini Julai na Agosti bei hupaa na masoko ya zamani yako mbali. Moteli za Korea ni safi na za bei nafuu, msiziogope.

Hatua ya 3: Sokoni. Shuka Jagalchi, laini ya 1. Ghorofa ya chini ya jengo la soko ni matangi ya samaki hai, na wauzaji wengi ni kina mama waliovaa aproni za mpira na buti. Unaonyesha kidole, anapima, mnapatana bei. Kisha unapanda juu, unalipia meza na kupikiwa. Uliza gharama ya meza na mapishi ya ghorofani kabla hujamlipa muuzaji wa chini, maana ni malipo mawili tofauti. Pweza mdogo huliwa mbichi, na vipande bado vinajikunja kwenye sahani. Mtafune sana, anaweza kung'ang'ania kooni.

Vuka barabara uingie uwanja wa BIFF, wenye jina la tamasha la filamu la Busan, ukale ssiat hotteok: kitumbua bapa kilichokaangwa, kinapasuliwa kwa mkasi na kujazwa sukari na mbegu. Soko la Gukje liko jirani, kwa nguo, mabegi na vyombo. Beba pesa taslimu.

Hatua ya 4: Kutembea. Gamcheon ni mtaa wa mlimani uliojaa wakimbizi wakati wa vita vya 1950–1953. Miradi ya sanaa iliyoanza 2009 ndiyo iliyoupamba. Shuka Toseong, upande basi dogo. Watu wanaishi mle, kwa hiyo sauti chini na msichungulie madirishani. Hekalu la Haedong Yonggungsa, lililoanzishwa 1376, limekaa juu ya miamba ya bahari; basi kutoka Haeundae linafika. Nendeni asubuhi. Jioni kaeni ufukwe wa Gwangalli mtazame daraja likiwaka taa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sisi Waislamu tutaswali wapi, na chakula je?*
Kuna msikiti wa Al-Fatah, karibu na kituo cha Dusil, laini ya 1. Kuhusu chakula, supu maarufu ya mji huu, dwaeji gukbap, ni ya nguruwe. Uliza kila mara, hata kwenye mchuzi wa tambi.

*Viatu vya mume wangu, namba 46, nitapata?*
Ni vigumu, dada. Korea wanapima kwa milimita, na maduka mengi ya mtaani huishia 280, kama namba 44. Nguo za "free size" nazo ni ndogo, zijaribu kwanza.

*Chaja zetu zinaingia?*
Soketi zao ni za pini mbili za duara. Beba adapta. Umeme ni volti 220, hauna shida.

*Kodi inarudishwa?*
Ndiyo, kwenye maduka yaliyosajiliwa, kuanzia won 15,000. Tembea na pasipoti yenyewe.

*Kwa pasipoti ya Tanzania viza inahitajika?*
Ndiyo, hata Wakenya. Anzeni ubalozini mapema kabla hamjalipia tiketi.