Unyonge baada ya upasuaji wa urembo: namna ya kuuvuka

Mimi ni muuguzi. Huwa naenda majumbani hapa Mombasa, Tudor, Kizingo na Nyali, kuwahudumia waliopunguzwa tumbo, waliotolewa mafuta au waliorekebishwa pua na matiti. Mara nyingi mshono hupona vizuri. Ninachokichunga zaidi ni siku ya tatu au ya nne, mgonjwa anapoanza kulia na hajui analilia nini.

Kabla ya operesheni: chagua mtu mmoja

Hapa kwetu wengi huficha. Mmoja husema amesafiri Nairobi, mwingine ana malaria. Basi machozi yakija hana wa kumwambia, na akimwambia mtu anaogopa kusikia "si ulijitakia?" Naona siri hii huwaumiza wagonjwa wangu kuliko kidonda.

Mchague dada, shoga au mume, yeyote ajuaye kufunga mdomo. Si lazima awe alikubaliana na uamuzi wako. Mwambie mapema: "Nikisema najuta, usinijibu, kaa nami tu." Wengine wote waambie, "Nimefanyiwa operesheni, napumzika." Hakuna anayekudai maelezo zaidi.

Kama uliwahi kuugua sonona au unatumia dawa zake, mwambie daktari wa upasuaji. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, na muulize kama zinapatana na dawa za maumivu atakazokuandikia. Tramadol, kwa mfano, inaweza kugongana na baadhi ya dawa za sonona.

Siku tano za kwanza: andika

Nusukaputi, dawa kali za maumivu, usingizi wa kukatikakatika kwa kulala chali, choo kigumu: vyote hivi huushusha moyo. Weka daftari kando ya kitanda. Andika dawa na saa uliyoinywa, umelala saa ngapi, na hali ya moyo kutoka 0 hadi 10. Mara nyingi utaona siku mbaya imefuata usiku mbaya. Mwonyeshe daktari daftari hilo. Usijipunguzie wala kujiongezea dozi.

Funika kioo

Tundika leso juu ya kioo kikubwa, nasema kwa dhati. Uvimbe kwa kawaida huzidi siku mbili tatu za mwanzo kabla ya kuanza kushuka. Damu iliyovilia huchukua wiki mbili au tatu kufifia, umbo la tumbo huchukua miezi, na pua yaweza kuchukua hata mwaka mzima kutulia. Unachokiona siku ya nne sicho ulichokilipia. Piga picha moja kwa wiki, mahali pale pale na mwanga ule ule, kisha weka simu chini.

Joto, chakula na ibada

Wakati wa kaskazi nguo ya kubana inayovaliwa baada ya operesheni huwasha na kukera hadi mtu akalia kwa hilo tu. Uliza kama unaweza kuvaa fulana nyembamba ya pamba ndani yake, na uwe na nguo ya pili ya kubadilisha. Kula kidogo kidogo: samaki, mayai, ndengu, maji mengi, chumvi chache. Muguka na miraa uache, huiba usingizi na hamu ya kula.

Tembea ndani ya nyumba kadiri daktari alivyoruhusu. Ukipata nguvu, nenda Mama Ngina, kando ya bahari, jioni ukapigwe na upepo, hata kwa robo saa.

Na kwa mama zangu Waislamu: asiyeweza kurukuu wala kusujudu huswali amekaa, na hilo linaruhusiwa. Nimemwona mgonjwa akinyong'onyea kwa sababu aliacha kuswali akidhani hana njia.

Usiyapuuze haya

Pumzi ikibana, kifua kikiuma, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usiseme ni wasiwasi tu. Huenda ni damu iliyoganda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Unyonge ukipita wiki mbili bila kupungua, mwone daktari. Ukianza kufikiria kufa, usingoje hata siku moja: nenda kitengo cha dharura, kama pale hospitali ya Coast General, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Mpe yule mtu wako namba hiyo leo aihifadhi kwenye simu yake, kwa sababu siku utakapoihitaji huenda usiwe na nguvu ya kuitafuta.