Somo: Kikoba kinachomfikia fukara wa mwisho mtaani

Mwaka 1991, wanawake wa Maradi nchini Niger, wakifundishwa na shirika la CARE, walianza kuweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Leo mamilioni ya watu barani Afrika wanafuata utaratibu huo; kikundi cha namna hiyo ndicho ninachokiita hapa kikoba. Kama unataka kupambana na ufukara bila kusubiri mfadhili, anzia hapa.

1. Kusanya watu 15 hadi 25 wanaofahamiana. Usiishie kutangaza. Nenda hadi kwa anayefulia watu nguo, kwa kibarua wa shamba, kwa mjane asiyeitwa mikutanoni. Wenyewe hawaji, wanaona aibu.

2. Pangeni bei ya hisa, yaani kipimo kimoja cha akiba anayoweka mtu kwenye kikao. Hapa ndipo vikoba vingi vinapomtupa masikini. Mwenye duka anapendekeza 5,000 kwa wiki, watu wananyamaza, mwezi haujaisha kibarua keshaacha kuja. Mfuate pembeni aliye chini kuliko wote, umuulize anaweza kuweka ngapi katika wiki mbaya, ile ya mvua isiyo na kazi. Akisema 500, hisa iwe 500. Mwenye nacho anunue hadi hisa tano kwa kikao, basi.

3. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Pesa zihesabiwe mbele ya wote na salio litamkwe kwa sauti, ili asiyejua kusoma naye alikariri.

4. Tengeni mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba, usio na riba. Mtoto akiugua usiku, mfuko huu ndio unaomwepusha mama na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa.

5. Baada ya miezi 9 hadi 12, vunjeni mgawane. Tuseme mna hisa 2,000 za shilingi 500, yaani milioni moja, na riba ya pesa mlizokopeshana kutoka sandukuni imeingiza 200,000. Kila hisa sasa ni 600. Mwenye hisa 80 anaondoka na 48,000, mara nyingi msimu wa mbegu au ada.

Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe. Anzieni halmashauri.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sisi Waislamu riba hatuli. Tufanyeje?
Marahaba. Kopeshaneni bila nyongeza. Au kikundi kinunue bidhaa, kimuuzie mwanachama kwa bei mliyokubaliana, alipe kidogo kidogo.

Niko Muscat. Niwatumie mtaji wa kukopeshana?
Hapana, ndugu yangu. Pesa ya nje watu huikopa bila uchungu, na marejesho yanalegea. Nunua sanduku na madaftari, lipa nauli ya mwalimu. Ukitaka kumpa mtu pesa, mtumie mhusika mwenyewe kwenye simu.

Na asiye na hata hiyo 500?
Huyo kikoba peke yake hakimtoshi, na tusimdanganye. Shirika la BRAC, Bangladesh, tangu 2002 limekuwa likiwaanzishia watu kama hao kwa mifugo, posho ya chakula na mtu wa kuwatembelea kwa takriban miaka miwili. Kikundi chenu kinaweza kuanza na kopa mbuzi lipa mbuzi: apewe jike, azalishe, mtoto wa kwanza wa kike aende kwa jirani anayefuata. Na mmoja wenu apite kwake kila wiki.