Bakuli la vipande: anza na kipande kimoja

Ukichora kwenye SketchUp (programu ya kuchora vitu kwa 3D) pete ya bakuli la mbao yenye vipande 12 vya kuunganishwa kwa gundi, usichore pete nzima halafu uikate. Chora kipande kimoja, kifanye komponenti (umbo ambalo nakala zake zote hubaki sawa), kisha kizungushe kwa nyuzi 30 ukikinakili mara 11. Ukirekebisha kimoja, vyote vinabadilika.

Kila ncha hukatwa kwa nyuzi 15, yaani 180 gawanya kwa 12. Kwa kipenyo cha nje cha mm 300, upande mrefu wa kipande ni mm 80.4. Panapoharibika zaidi ni upana wa ubao: ukuta wa bakuli ukiwa mm 20, ubao wa mm 20 hautoshi, maana kingo za kipande zimenyooka na ukuta umepinda. Unahitaji angalau mm 24.4, na mm 2 au 3 za ziada kila upande za kukereza (ukiongeza nje, upande mrefu nao unarefuka).

Duara la SketchUp lenyewe ni mistari 24 iliyonyooka. Kwa ukubwa huu, katikati ya kila mstari linapungua mm 1.3. Andika 96, yaani idadi ya mistari, kabla ya kulichora, na ulianzishe kwenye kiungo (pale vipande viwili vinapokutana), ili viungo vyote viangukie kwenye kona zake.