Kupima rangi inavyopaushwa na mwanga kwenye vitambaa na michoro

Ukiambiwa kitambaa kimepauka kwa "3", uliza kimepokea mwanga kiasi gani. Badiliko la rangi lisiloandamana na kiasi cha mwanga halilinganishwi na kitu chochote, hata na kitambaa hichohicho mwaka ujao. Kwa hiyo daftari la vipimo liwe na safu mbili tangu siku ya kwanza: mwanga ulioingia na rangi iliyopotea.

Mwanga

Weka kitambuzi cha luksimita (kifaa cha kupimia mwanga) sambamba na uso wa kitu, kitazame kule uso unakotazama. Wengi hukielekeza kwenye taa na kupata namba kubwa isiyohusu mchoro. Simama kando ili kivuli chako kisiingie. Picha inayomulikwa kutoka juu ipime juu, katikati na chini; sehemu ya juu inaweza kupokea mara mbili ya chini. Luksimita ya kwenye simu ni ya kukisia tu.

Zidisha luksi, yaani namba inayosomwa na luksimita, kwa saa. Luksi 200 kwa saa 8 kwa siku 30 ni luksi-saa 48,000. Miezi sita ni 288,000. Chumba chenye dirisha hakipimwi mara moja: weka kirekodi kinachosoma kila dakika 10, kisha jumlisha.

Luksi hufuata jicho la mtu, kwa hiyo hazihesabu urujuanimno (miale isiyoonekana kwa jicho), ilhali ndio wenye makali. Upime kwa kifaa chake, kwa mikrowati kwa kila lumeni (kizio cha mwanga unaoonekana). Ukomo wa zamani wa makumbusho ni 75. Kwa filta nzuri au taa za LED unaweza kushuka chini ya 10.

Kadi ya sufu ya buluu

Hiki ndicho kipimo cha bei nafuu, na hata mwenye mashine asikiache. Ni vipande 8 vya sufu vilivyotiwa rangi za buluu. Daraja la 1 hupauka upesi kuliko yote, na kila daraja linalofuata huhitaji mwanga mara mbili hadi tatu zaidi, au hata kupita hapo urujuanimno ukiondolewa. Mwanga ukiwa umechujwa hivyo, badiliko la kwanza linaloonekana kwa jicho hutokea takriban kwenye luksi-saa 300,000 kwa daraja la 1, milioni 1 kwa la 2, milioni 3 kwa la 3 na milioni 10 kwa la 4. Urujuanimno ukiwepo, kama kwenye mwanga wa mchana unaopita kioo cha kawaida, mpangilio huo hushuka hadi 220,000, 600,000, milioni 1.5 na milioni 3.5.

Sasa rudi kwenye ile 288,000. Baada ya miezi sita daraja la 1 linapaswa kuwa linaanza kubadilika. Likiwa limepauka sana, kuna mwanga ambao kirekodi hakikuuona, mara nyingi jua la jioni linaloingia kwa pembe.

Funika nusu ya kila kipande kwa karatasi ya alumini, ikunje hadi nyuma ibane, na uandike tarehe mgongoni. Tundika kadi kando ya kitu, kwenye mwanga uleule na mwelekeo uleule. Madaraja ya 1 hadi 4 yanatosha chumba cha maonyesho. Ya 7 na 8 hayatasogea humo kwa miaka mingi.

Wakati wa kukagua, toa alumini na ulinganishe nusu mbili kwa kutumia skeli ya kijivu, yenye jozi kuanzia 5 (hakuna tofauti) hadi 1 (tofauti kubwa). Fanya hivyo chini ya taa ya mwanga wa mchana, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, kadi ya kijivu ikificha vipande vya jirani. Watazamaji wawe wawili, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake.

Spektrofotomita

Hiki ni kifaa kinachosoma rangi kwa namba, na hapa ndipo penye kazi. Usianze kwa kupima kitu; anza kwa kupima kosa lako mwenyewe. Sawazisha kifaa kwa kigae chake cheupe, kisha pima nukta moja ya kitambaa mara 5, ukiinua kifaa na kukirudisha kila mara. Tafuta wastani, halafu umbali wa kila kipimo kutoka kwenye wastani huo. Ukiwa 0.4, badiliko lolote chini ya 1 usilitangaze. Ripoti nyingi za "kupauka kidogo" ni kifaa kilichohama milimita mbili tu.

Ili kurudi palepale, kata karatasi angavu ya poliesta iliyo kubwa kiasi cha kufika alama tatu za kudumu: kona ya ua, mshono, ncha ya mstari. Toboa tundu mahali pa kupimia. Kwenye kitambaa chenye weusi na weupe wa nyuzi nene, tundu la kifaa la milimita 8 ni bora kuliko la 4, kwa sababu dogo huweza kuangukia uzi mmoja. Kitambaa chepesi hupitisha mwanga, kwa hiyo kiwekee mgongo uleule mweupe kila mara. Chenye manyoya kama mahameli kilazwe upande mmoja. Pasteli, rangi inayobanduka na hariri iliyochakaa zisiguswe na kifaa kabisa. Hapo tumia kifaa kisichogusa.

Andika L* (weupe dhidi ya weusi), a* (wekundu dhidi ya kijani) na b* (njano dhidi ya buluu) kwa mpangilio wa kifaa wa mwanga D65 (mwanga wa mchana) na jicho la digrii 10 (upana wa eneo linalotazamwa), wala usibadilishe katikati ya mradi. Mfano: kabla 52.0, 38.5, 14.0, baada ya hapo 53.2, 36.1, 13.1. Tofauti ni 1.2, −2.4 na −0.9. Zipe kipeo cha pili, jumlisha upate 8.01, chukua kipeuo chake: 2.8, ambalo ndilo badiliko la rangi kwa jumla. Kwenye skeli ya kijivu, jozi ya 4 ni kama 1.7 na ya 3 ni 3.4, kwa hiyo hili liko katikati. Usiishie kwenye jumla. Hapa wekundu umeshuka na weupe umepanda, yaani rangi imepauka kweli. Kama b* peke yake ingepanda, ingekuwa karatasi au vanishi inageuka njano.

Pima pia kigae cha rangi mwanzoni na mwishoni mwa kila zamu. Kikisogea, kifaa ndicho kilichobadilika. Angalizo dogo: vigae vyekundu na vya machungwa hubadilika rangi kwa joto, kwa hiyo chumba kiwe na joto lilelile.

Kuharakisha

Sampuli zisizo na hasara zikiharibika humulikwa kwa taa kali ya zenoni, zikiwa na kadi ya buluu kando yao. Dhana ni kwamba mwanga mkali wa muda mfupi ni sawa na hafifu wa muda mrefu, lakini si rangi zote zinazoitii. Jaribu kiasi kilekile cha mwanga kwa makali mawili tofauti. Majibu yakitofautiana, matokeo ya haraka yasigeuzwe kuwa miaka.

Kwa kazi halisi ya sanaa hutumika kipimo cha nukta, kinachomulika eneo la takriban milimita 0.3 hadi 0.5 na kusoma rangi papo hapo. Anza na kadi ya buluu, kisha nenda kwenye kitu, ukiwa umeshaamua pa kusimama, kwa mfano badiliko la 2. Mstari wa badiliko kwenye grafu ukipanda ghafla, funga mwanga hata kama muda haujaisha. Jibu liandikwe kwa lugha ya kadi, kama "nyekundu hii iko kati ya sufu 2 na 3", si kwa dakika za taa.